Kidirisha cha Chai

Mtaalamu alitufikia Ruwi mwezi wa sita,
jasho likimtoka mpaka kwenye tai,
akafungua kompyuta nyembamba kama chapati ya kumimina
akatuchora.
Visanduku juu, visanduku chini, mishale.
"Wewe, Bi Rayya, unaripoti kwa nani?"
Nikamtaja Bwana Azzan, kwa adabu.
Sikumwambia kuwa miaka kumi na tisa
nimeripoti kwenye kidirisha.

Kilikuwa ukutani, baina ya jiko na chumba cha mahesabu,
upana wake shubiri tatu,
kimewekwa chini, usawa wa kiuno,
kwa kuwa fundi aliyekitoboa alipima akiwa amechuchumaa.
Kosa la fundi likawa sheria yetu:
atakaye chai ainame.
Akainama meneja, akainama dereva,
akainama Varghese na mgongo wake mbovu, akiguna,
na ng'ambo ya pili uso wa Shafiqul
ndani ya mvuke wa iliki.

Ukishainama huwezi kusema uongo mrefu,
kiuno hakikuruhusu.
Hapo ndipo Bwana Azzan alipojua
kuwa Sleyum dereva kafiwa na mama kule Ibri
na hajaomba ruhusa, kwani fomu ilikuwa ya Kiingereza.
Hapo lilipatikana kontena la Sohar
lililopotea siku kumi na moja ndani ya barua pepe:
Shafiqul aliisikia namba yake ikitajwa mara mbili
na watu wawili wasiosalimiana.

Bibi yangu wa Samail alikuwa na zamu ya maji ya falaji.
Kijiti kimesimikwa, kivuli kinatembea,
kikigusa jiwe lake, maji ni yake.
Wajomba zangu waligombana kwa kila kitu;
na kivuli hawakugombana.
Nilitaka kumweleza mtaalamu haya,
lakini alikuwa anapima moyo wetu wa kazi,
moja mpaka tano.

Tukahamia Ghala. Vioo, sakafu hadi dari.
Milango imeondolewa, "ili mawazo yapite."
Kilichopita ni baridi.
Viti vina magurudumu, meza hazina wenyewe:
ukiwahi unakaa, ukichelewa unatangatanga na kikombe
kama mgeni wa harusi asiyejua kaalikwa na upande gani.
Mashine ya kahawa inazungumza.
Imewekwa usawa wa kifua;
watu wanabonyeza, wanasubiri wima, wanatazama simu.
Shafiqul kapewa fulana ya usafi, ghorofa nyingine.

Mwezi wa kwanza hatukupoteza kontena hata moja.
Mwezi wa tatu tulimpoteza Varghese.
Alirudi kwao Kerala,
nami nikajua kwa barua pepe ya wote,
yenye picha ya keki.

Alhamisi moja nilipita Ruwi.
Sasa pale wanauza vifuniko vya simu.
Kidirisha kimezibwa kwa tofali,
rangi mpya haikukubali kushika,
mraba unaonekana kwa anayejua.
Niliinama.
Kijana akaniuliza nimeangusha nini.

Basi.
Siku hizi printa ya ghorofa ya pili
imeanza kumeza karatasi.
Trei yake iko chini kabisa, lazima upige magoti.
Jumanne nilimkuta Sleyum pale,
dishdasha kaikunja, mkono ndani hadi kwenye kiwiko.
Tukavuta wote wawili,
na kabla ya karatasi kutoka nilishajua
mkewe kalazwa tangu Ijumaa.
Bwana Azzan akaja na nakala zake,
akasimama,
akatutazama kwa juu,
kisha taratibu magoti yake yakalia, ka, ka,
akawa nasi sakafuni.

Kwenye ripoti ya mwezi kuna mstari:
vifaa vibovu vinavyohitaji fundi.
Nimeandika: hakuna.