Tenywa Anapunguza

Walukuba nzima ilimwambia punguza.
Mama yake, mwiko mkononi.
Mwenye nyumba, aliyezima umeme, akauwasha, akauzima tena.
Hata askari wa kizuizi cha bwawani, mwaka ule wa kafyu:
alitupekua, akakuta gitaa ndani ya blanketi,
akataka kupigiwa, akapigiwa,
akasema kwa adabu, bunduki begani,
kijana, punguza.

Hakupunguza.
Tulijiita Majabali. Jina tuliliandika kwa chokaa
kwenye ukuta wa kiwanda cha nguo; mvua ikatuachia MAJA.
Amplifaya aliiunda kwa redio mbili zilizokufa,
ikawa inatoa moshi kabla ya kutoa sauti.
Mimi nilikaa nyuma yake na ngoma zangu
nikipiga kwa nguvu zote nisisikike.
Alipovuta uzi wa sita bati zilijibu,
mbwa wa Masese wakajibu,
nasi tukadhani huo ndio umaarufu.

Tulirekodi mara moja tu. Kampala, Katwe,
chumba cha nyuma ya duka la betri,
siku moja kwa bei ya ng'ombe wa baba yangu.
Jioni fundi akatupa kanda. Tukasikiliza.
Gitaa. Gitaa. Gitaa.
Kagoya alikuwa ameimba, nilimwona akiimba,
mishipa ya shingo imesimama,
lakini kwenye kanda hakuwemo.
Tenywa aliirudisha kwa kalamu, akasikiliza upya,
akairudisha tena.
Msitu wa Mabira ulianza, ukaisha, hakusema neno.

Kagoya tulimzika Bugembe mwaka uliofuata.
Sauti yake haipo popote. Nimetafuta.

Gitaa aliliuza kwa mwalimu wa Kamuli.
Akanunua mashine, akapanga chumba,
akashona magunia ya kahawa ukutani
na kuyajaza pamba ya kile kiwanda kilichofungwa.
Ni miaka ishirini na sita sasa.
Wanakuja wenye miwani ya jua usiku,
wanakuja wanakwaya wa Namulesa na maandazi yao,
wanakuja wasio na nauli ya kurudi.
Wote huwaambia: punguza.
Usinipigie kelele, mimi si umati.
Rudia hapo. Nataka kusikia ulipomeza mate.
Mvua ikigonga bati, wote husubiri, yeye kafumba macho,
kama anayehesabu deni.
Kwenye jalada jina lake liko mgongoni,
herufi za ukubwa wa sisimizi.

Jana alinifuata dukani kwangu, kwenye vipuri,
akanivuta kwa mkono wenye grisi.
Binti muuza dagaa, alisema, njoo umsikie.
Akanivisha hedifoni.
Sauti peke yake, kavu, karibu na sikio,
hadi dakika ya pili, au ya tatu,
huko nyuma kabisa,
kama mtu chumba cha pili anayeogopa kuamsha mtoto:
uzi wa sita. Mara moja.

Nikamgeukia. Alikuwa anaitazama mita.
"Imezidi?"
Mimi, niliyetazama mgongo wake miaka saba
nikipiga ngoma ambazo hata mama hakuzisikia,
nikamwambia: ongeza.

Akapunguza,
kiasi cha unywele.