Kitufe, Kitufe

Nestan huzitengeneza piano za Tbilisi;
sikio lake hunasa uzi
uliolegea kiasi cha unywele.

Lakini tovuti ya shirika la maji
ilimshinda.
Sauti ya kompyuta ilimsomea:
kitufe. kitufe. picha. kitufe.
Kipi cha kulipa, kipi cha kufuta?
Akabonyeza kwa kubahatisha,
kama ashukaye ngazi asizozihesabu.
Mara tatu malipo yakapotea.
Ya nne, bomba likakauka.

Akaenda ofisini, kompyuta kwapani,
akamwambia Lasha, kijana aliyeijenga:
"Zima kioo. Haya, lipa."

Kitufe. Kitufe.
Robo saa, jasho likimtiririka,
hata jina lake hajaliandika.

Usiku ule aliketi akivipa vitufe majina,
kasisi mbele ya watoto
waliochelewa kubatizwa.

Asubuhi Nestan akalipa, chai haijapoa.
Kisha akaifikia ile picha
iliyomnyamazia miaka yote:
*Daraja juu ya mto. Mvua. Mtu na mwavuli.*

Akapiga simu.
"Mwavuli wa rangi gani?"
"Lakini mama, wewe si..."
"Nimekuuliza rangi, kijana."