Jozi ya Kumi na Saba

Kiwanda cha unga, Barabara ya Lunga Lunga, kinalalamika:
hesabu za magunia zinaondoka hapa nzima
zinafika benki mjini zimechanika,
alama za dola, nukta mbili, nusu ya jina la dereva.
Na ni jioni tu. Asubuhi laini ni safi kama sahani ya mgeni.

Musembi nimemwacha mjini, chini kabisa ya kituo cha simu.
Ananitumia mlio mmoja, hezi elfu moja na nne,
mwembamba, haupandi, haushuki.
Mimi huku, mita juu ya gunia, napokea kilichobaki.
Desibeli kumi na sita zimeliwa njiani.
Hilo si kosa. Umbali ni ushuru,
kila waya hulipa.

Kisha namwambia: sasa nyamaza, ziba ncha zako,
tupime kimya.

Kimya cha simu kina mchanga.
Mtu anapepeta choroko chumba cha pili,
ndivyo kinavyosikika laini ikiwa nzima.
Hii haikuwa nzima.
Saa kumi na dakika nne, ng'ambo ya reli,
mchomeleaji wa mageti aliwasha mashine yake:
tak.
Tak-tak.
Kihesabio kikaanza kukimbia, kumi na moja,
ishirini na tisa,
arobaini na sita kabla robo saa haijaisha.
Kanuni inavumilia kumi na tano.

Meneja, Bwana Shamji, alitaka twende tukamzime yule kijana.
Nikamwambia cheche si mwizi,
mlango ndio ulioachwa wazi.

Mlango ulikuwa chini ya kifuniko cha chuma, kwenye chemba,
maji ya Aprili hadi magotini,
na kiungo cha jozi ya kumi na saba
alichokifunga mwenzetu fulani kwa mfuko wa maziwa
na mpira wa nywele.
Shaba imeota kijani. Waya mmoja unavuja kuliko pacha wake.

Nikabana vidude vya kusikilizia masikioni,
na pale, chini ya tak-tak, kutoka jozi ya jirani,
mwanamke:
"Usinitajie siku. Nitajie mwezi tu."
Kimya. Choroko.
"Basi nitajie mwaka."

Mita haikumwita mwanamke.
Ilimwita kelele, ikainua sindano kidogo,
ikaishusha alipovuta pumzi.

Nilisimama na koleo mkononi.
Maji yaliingia kwenye buti la kushoto, lile lenye ufa.
Juu, mtu aliuliza kama nimekufa.

Nikakata. Nikakausha kwa kitambaa,
nikasokota shaba mpya, mizunguko ile ile niliyofundishwa Mbagathi,
nikafunga kwa nta.
Musembi akatuma mlio, akanyamaza.
Mchomeleaji bado alikuwa akichoma, niliona mwanga wake ukutani,
lakini kihesabio kilisema mbili.
Magunia mia tatu na kumi na mawili yalifika benki
yakiwa mia tatu na kumi na mawili.

"Kuna kingine?" Musembi aliuliza.
Nilisikiliza tena. Mchanga mtupu, laini, wa kawaida.

Kwenye fomu kuna mstari wa mwisho, Maelezo Mengine.
Niliandika: mfuko wa maziwa.