Saa Mbili za Mize

Meli hung'oa nanga Mkoani saa mbili asubuhi,
haimngoji muuza mikate wa Konde.
Basi Mize akitoka saa tisa za usiku,
maana njia ile mara saa mbili,
mara nne, kwa tope, kwa lori lililolala.
Siku nyingi alifika mapema mno,
akakaa gatini,
mikate ya ufuta ikipoa mapajani.

Barabara mpya haina mbio za ajabu.
Ila haisemi uongo:
saa mbili ni saa mbili, mvua ama jua.

Sasa huswali alfajiri kwanza, ndipo atoke.
Saa moja ameitia tanurini: mikate thelathini zaidi,
ada ya Shaame hailipwi tena vipande vipande.

Na ya pili?
"Hiyo," asema, akivuta shuka, "siiuzi."