Mbukwenyi

Banda langu la video liko nyuma ya mizani,
Kibaigwa, pale lori za mahindi zinapogeuzia.
Mabati sita, maturubai mawili, mabenchi ya kuazima kanisani,
televisheni moja yenye mstari wa kijani shavuni.
Kiingilio mia tatu. Wabeba magunia nawakopesha,
wanalipa siku lumbesa ikipanda gari.

Mimi ndiye sauti.
Picha ikija na lugha yake naipunguza hadi inong'one,
nashika kipaza, naweka maneno yangu juu yake
kama mtu anayetandika shuka safi kwenye godoro la mwingine.
Mapenzi nayafupisha. Matusi nayarefusha.

Ile ya Alhamisi ilikuwa ya viumbe walioharibikiwa.
Chombo chao kilitua shambani kwa mtu, kikakataa kuwaka tena.
Walikuwa tisa. Magoti matatu kila mguu,
ngozi ya kenge, macho ya kitoto.
Mwaka wa kwanza watu walikuja kuwapiga picha.
Wa pili wakawapa kazi ya kuzoa taka.
Wa tatu wakauliza: hawa wanaondoka lini?

Sasa, wakifungua mdomo ulitoka mlio,
ti-ti-kroo, kama redio inayotafuta stesheni,
na mwenye picha hakuandika chini wanasema nini.
Banda zima likanigeukia.
Hata Sechelela wa karanga, ambaye huja kulala tu, alifumbua jicho.
Nifanye nini? Kiswahili nilishawapa polisi,
na Kiswahili cha puani nilishampa meya.
Nikawapa viumbe Kigogo cha bibi yangu wa Mlali.
Mkubwa wao akainama mbele ya wanakijiji,
magoti yote yakakunjika kama mita ya seremala,
nikasema: Mbukwenyi!
Na banda, bila kufikiri, midomo imejaa karanga,
likaitika: Mbukwa!

Tangu hapo wakawa wetu.
Polisi alipovunja kibanda chao
Ndahani alirusha kandambili, ikaacha alama ukutani.
Walipoanza kula matairi mtu akasema, mlenda ungewafaa.
Mtoto wao akauliza kwao ni wapi,
nikamjibu kwa sauti ya mama yake:
"Ni huko mvua inakokaa isipokuja kwetu."
Watu wakanyamaza. Mwenyewe sikujua nimeitoa wapi.

Picha ikaisha, chombo hakijawaka.
Wakadai mia tatu zao kwa kelele za upendo, wakatoka.

Akabaki Kalenga.
Kama humjui, lori lake unalijua:
lile jekundu kando ya sheli, mdomo wazi,
lililokatika krenki likitoka bandarini kwenda Lubumbashi.
Dereva alipanda basi kutafuta spea. Huu ni mwaka wa sita.
Tairi zimekwenda moja moja, kwa unga, kwa dawa ya malaria.
Kuku wa mama ntilie wanataga kwenye kiti cha dereva.
Kalenga analala chini ya tela,
na kila asubuhi anafuta kioo cha mbele.

"Patroni," akaniambia, "bale habakusema vile."
Nikacheka. Nani anajua? Nimetunga.
"Miye najua."
Akakitazama kioo cheusi cha televisheni.
"Ile mlio yenye anatoa asubuhi, amesimama juu ya chombo,
mbona ile uliipita?"

Kweli niliipita. Nilidhani anakohoa.

Ijumaa nikairudisha, wengi waliomba.
Kiumbe akapanda juu ya chombo, alfajiri, akanyoosha shingo.
Ti-ti-kroo. Ti-ti-kroo.
Nikasogeza kipaza, nikasema polepole,
kwa sauti ya yule dada wa kwenye simu:
"Namba unayopiga haipatikani kwa sasa."

Banda likapasuka.
Wabeba magunia wakapigana mabega, Ndahani akajifuta machozi.
Nyuma kabisa, penye tundu la turubai,
Kalenga hakucheka. Aliitikia kwa kichwa, mara moja tu,
kama fundi anayesikia injini ikigonga
palepale alipokuambia.