Saa Mbili, Nikiwa Nimenawa

Alfajiri ya Julai, Mwanjelwa,
umande umeganda juu ya maturubai.
Mimi nimebeba ndoo ya uji wa ulezi,
Tumpe vikombe,
mzee wa kanisa Lwitiko daftari la majina
na kalamu iliyogoma kwa baridi.

Tukamgusa bega aliyelala kwenye maboksi
nyuma ya kibanda cha viazi.
"Amka, baba. Bwana asifiwe. Uji."

Akafunua jicho moja.
"Nyie wa kanisa mnanipenda vibaya.
Usiku kucha nimefukuzana na mlinzi, na mbwa,
na upepo unaoshuka Loleza.
Usingizi umenijia sasa hivi tu,
nanyi mnaufukuza kwa kikombe."

Tumpe akacheka, kisha akaacha kucheka.
Mzee akapulizia kalamu, akaandika *Jina*,
akangoja.

"Sikupi. Njoo saa mbili,
nikiwa nimenawa."

Tukarudi Jumamosi iliyofuata, saa mbili,
jua limeshagusa mabati.
Alikuwa amekaa juu ya gunia,
uso unang'aa maji ya bomba,
shati kalifunga hadi kifungo cha shingoni.
"Ambakisye," akasema, kabla hatujauliza,
akautwaa upawa mkononi mwangu,
akawamiminia wenzake, mmoja mmoja,
akiwaita kwa majina ambayo daftari halikuwa nayo.

Kikombe cha nne akanipa mimi.
Sukari haikutosha.
Nilikuwa nimetoka nyumbani bila kunywa chai,
wala sikumwambia mtu.