Chini ya Jina la Dokta

Babu hakukisoma. Alikinusa.
"Hii haiko karatasi," akasema, "njo ngozi ya ndama,"
akainua ukurasa dirishani
tuone vinyweleo, vitundu vidogo kama vya sindano,
upande wa manyoya una umanjano,
upande wa nyama mweupe.
Mtu wa Kabare hafundishwi ngozi.
Alihesabu kurasa, akagawanya, akaguna:
"Zizi zima limekufa
ili mtu aandike habari za mkojo."

Maana ndivyo kilivyo. Katikati kuna duara,
chupa ishirini zimelizunguka kama wacheza ngoma,
kila moja na rangi yake: maji ya kisima,
maziwa yaliyoganda, mawese, divai,
jani la kabichi, makaa.
Kilatini kinapita pembeni kwa wino uliogeuka kutu,
nasi Kilatini chetu kilikuwa cha misa tu,
hakikutosha hata kwa kikohozi.

Mimi nilisoma ukurasa wa mwisho.
Majina hayahitaji tafsiri.
Ndugu Ansegisi, mtawa, herufi ndogondogo
za mtu anayeogopa kumaliza wino.
Kisha laana: atakayekiiba, macho na yamtoke.
Chini ya laana, jina la aliyekiiba,
na tarehe, na madoido.
Kinyozi aliyekuwa pia mng'oa meno
ameandika bei: kondoo wawili na deni.
Mjane fulani ameweka msalaba na tone la nta.
Muuza dawa wa Liège amechora mizani.
Halafu karne mbili hakuna mtu.
Kuna tundu la mdudu, limepenya kurasa arobaini
bila kukata kona,
msomaji makini kuliko wote.
Halafu wino wa buluu:
Dokta Coenraets, Costermansville, 1949.

Julai ya mwaka wa sitini Dokta aliondoka usiku
kwa daraja la Ruzizi, na mke, na mbwa, na redio.
Babu alikuwa anamdai mishahara ya miezi mitatu.
Dokta alitazama kabati, akachomoa hiki:
"Cishugi, kina thamani."
Hakusema kwa nani.

Nyuma ya nyumba, Kadutu, babu aliumika watu
kwa pembe ya mbuzi na nta ya nyuki,
cheti chake cha uuguzi kikining'inia ukutani mbele.
Alipofika kwenye picha ya mtu uchi,
vikombe vimemng'ata mgongo mzima,
alicheka mpaka akakaa chini.
Miaka kumi na moja Dokta alimkataza chuku,
na kitabu cha Dokta kimejaa chuku.
"Sasa kati yetu sisi wawili," aliuliza,
"nani alikuwa anapiga chuku?"

Vita vilipoingia mjini
bibi alikizika ndani ya ndoo ya unga wa muhogo.
Walichukua godoro, sufuria, mlango.
Mkono mmoja ulizama katika ndoo,
ukapita vidole viwili juu ya karne saba,
ukarudi na unga.

Jana amekuja mtu wa glavu za pamba.
Ana brashi ndogo, anafagia mfereji kati ya kurasa.
"Vumbi," anasema, anaandika.
Si vumbi. Ni muhogo wa Nyangezi.
Anauliza mwenyewe ni nani, hati iko wapi,
kana kwamba ndama walitia sahihi.

Chini ya jina la Dokta kuna nafasi,
upana wa vidole vitatu.
Babu hakuandika kitu pale mpaka akafa.
Nilidhani ni unyenyekevu.
Mama ndiye aliyenifungua macho:
kuandika jina kungekuwa kukubali
kwamba amelipwa.

Mtu wa glavu ametaja bei, kwa dola.
Nimemwambia anywe chai kwanza.
Niko jikoni, na kalamu,
nyuma ya bahasha ya umeme,
napiga hesabu ya miezi mitatu
kwa franka ambazo hakuna benki inayozijua.